Kutoa DNA kwenye damu kwa chembe za sumaku: mwongozo kamili wa kazi ya mezani

Wengi wanaoanza kutumia njia hii hudhani sumaku ndiyo inayoinasa DNA. Sivyo. Ukiweka sumaku kali kiasi gani ubavuni mwa tyubu yenye damu iliyopasuliwa, DNA itabaki inaelea palepale ilipo. Kinachovutwa ni chembe: vipunje vyenye oksidi ya chuma ndani na silika kwa nje, vingi vikiwa na upana wa mikroni moja hivi. DNA huja imeng'ang'ania juu ya silika, na kinachoifanya ing'ang'anie ni kemikali zilizomo kwenye kimiminika. Badilisha kimiminika, inashika. Kibadilishe tena, inaachia. Sumaku kazi yake ni kuzishikilia chembe pembeni wakati wewe unabadilisha maji. Ukilishika hilo, siku mavuno yakiwa haba utajua pa kutazama kabla hujailaumu seti ya vitendanishi.

Hapa tunatoa DNA ya binadamu kwenye mikrolita 200 za damu nzima, kwa mkono, tukitumia stendi ya sumaku ya tyubu za mililita 2. Nimechagua damu kwa kuwa ndiyo sampuli inayoletwa kila siku, na kwa kuwa ni korofi. Imejaa hemoglobini, na heme iliyomo ndani yake huizima PCR, yaani mbinu ya kuzidisha nakala za DNA ili ipimike. Anayeiweza damu, mate na usufi wa shavuni havitamsumbua.

Ujazo ninaoutaja ni wa kawaida kwa seti nyingi za silika. Seti yako ikisema vingine, ifuate, kwa maana mtengenezaji amepanga chumvi, sabuni na pombe zitegemeane. Kuchukua bafa (kimiminika kilichoandaliwa kwa hatua fulani) ya seti hii ukaitia kwenye chembe za seti ile kwa sababu "zote ni za sumaku" ni kucheza kamari na damu ya mtu.

Silika inashikaje

Mwaka 1990 Boom na wenzake huko Amsterdam walionyesha kwamba chumvi iitwayo guanidini thayosayaneti ikitumika pamoja na silika, inawezekana kutoa DNA na RNA kwenye seramu (maji ya damu) na mkojo haraka, bila fenoli. Karibu kila seti ya silika unayoiona dukani leo, iwe ya kolamu au ya chembe, imejengwa juu ya wazo hilo. Guanidini inapasua seli, inazivuruga protini, na inavilemaza vimeng'enya vinavyokata DNA. Pia, ikiwa nyingi, inaivua DNA maji yanayoizunguka na kuyavua vilevile kwenye uso wa silika. Pombe huizidishia nguvu hali hiyo. Vikiwa vimekosa maji ya kuvitenganisha, DNA na silika hugandamana. Ondoa chumvi na pombe, rudisha maji, na DNA inajiachia yenyewe.

Sifa ya pili ya chembe hizi ni kwamba usumaku wake haubaki. Zikiwa karibu na sumaku zinavutwa kwa nguvu, ukiiondoa zinasahau kabisa, kwa hiyo hazishikamani zenyewe kwa zenyewe na unaweza kuzitawanya upya kila unapoosha. Vumbi la kawaida la chuma lisingekupa hilo.

Kabla hujafungua chupa yoyote

Angalia kizibo cha tyubu ya damu. Zambarau ndiyo unayoitaka, kwa kuwa ina EDTA, kemikali inayozuia damu kuganda. Kijani kina heparini, na heparini inaweza kuifuata DNA hadi mwisho na kuzuia PCR; ukiletewa hiyo, omba damu nyingine kama inawezekana. Damu iliyoganda nayo ni taabu, maana seli nyeupe zimenaswa ndani ya bonge na pipeti itakuletea maji tu.

Mezani weka pipeti na ncha zenye kichujio, stendi ya sumaku, kifaa cha kupashia tyubu kilichokwisha kufika nyuzi 56, mashine ya kutikisa, na saa. Vitendanishi ni proteinasi K (kimeng'enya kinachokata protini) ya miligramu 20 kwa mililita, bafa ya kupasulia, chembe, isopropanoli (aina ya pombe), bafa ya kwanza ya kuoshea yenye guanidini na ethanoli, ethanoli ya asilimia 80, na bafa ya kuachilia, yaani Tris ya milimola 10 yenye pH 8.5. Tris hiyo iweke ipate joto la nyuzi 65 mapema.

Ethanoli ya asilimia 80 itengenezwe siku ileile. Kama unayo tupu kabisa, chukua mililita 80 uongeze 20 za maji safi yasiyo na vimeng'enya. Kama chupa yako ni ya asilimia 95, chukua 84 uongeze 16. Ethanoli huruka haraka kuliko maji, na kwa joto letu chupa iliyoachwa wazi tangu juzi haina tena asilimia iliyoandikwa kwenye lebo. Ikizidi maji, inaanza kukuibia DNA wakati wa kuosha. Spiriti ya kusafishia vidonda isikaribie meza hii, ina viungo ambavyo hukuviomba.

Na sasa jiki. Maabara nyingi zimezoea kumwagia jiki kila kilichoguswa na damu, na kwa kawaida ni tabia njema. Katika kazi hii ni hatari. Bafa ya kupasulia na bafa ya kwanza ya kuoshea zina guanidini, na guanidini ikikutana na klorini ya jiki hutoa gesi zenye sumu. Ile ya thayosayaneti inaweza kutoa hata sayanidi. Taka za maji za hatua hizi ziende kwenye chupa yake yenye lebo kubwa inayosema ISITIWE JIKI, na anayefanya usafi jioni aambiwe kwa mdomo, asiachiwe lebo peke yake. Bafa ikimwagika mezani, ifute kwanza kwa maji na sabuni.

Damu yoyote ichukuliwe kuwa ina maambukizi: glavu, koti, miwani, na kabati la usalama kama lipo.

Hatua ya 1: kupasua

Ipindue tyubu ya damu taratibu mara kadhaa, usiitikise. Seli nyeupe ndizo zenye DNA, na damu iliyosimama huziacha zimejipanga tabaka lao. Ukichota juu utapata plazma, ukichota chini utapata seli nyekundu, ambazo kwa binadamu hazina kiini.

Tia proteinasi K mikrolita 20 chini ya tyubu mpya, kisha damu mikrolita 200, kisha bafa ya kupasulia mikrolita 200. Fuata mpangilio huo. Kimeng'enya kikikutana na bafa kali peke yao kabla ya damu kuingia, kinaweza kupoteza nguvu. Tikisa sekunde 15, kisha weka nyuzi 56 kwa dakika 10, ukitikisa kidogo katikati.

Ikitoka, itazame. Wekundu wa damu umegeuka hudhurungi iliyokolea, na ukiinamisha tyubu kimiminika kinateleza sawasawa, bila vinyuzi wala mabonge. Ukiona bado kuna vipande au utelezi mzito kama ute unaovutika, ongeza dakika 10. Usisonge mbele ukitumaini hatua inayofuata itarekebisha, kwa sababu kila bonge la protini lililobaki hapa litashika chembe na kuzigandisha.

Pamoja na sampuli zako pitisha tyubu moja ya maji matupu mahali pa damu, na ifanyiwe kila kitu hadi mwisho. Ikija kutoa jibu kwenye PCR, una uchafuzi, na majibu yote ya siku hiyo yasimame kwanza.

Hatua ya 2: kushikisha

Chembe hukaa chini ya chupa kama tope. Tikisa chupa hadi rangi iwe moja juu hadi chini, na uitikise tena kila baada ya tyubu chache. Hapa ndipo tofauti kati ya sampuli ya kwanza na ya kumi na mbili huzaliwa: fundi ametikisa mara moja asubuhi, chembe zimezama taratibu, na tyubu za mwisho zimepata ama pungufu ama nyingi mno.

Tia chembe mikrolita 20, kisha isopropanoli mikrolita 400. Changanya kwa kupindua au kwa mashine ya mwendo mdogo dakika 5, katika joto la chumba. Changanya kwelikweli. Chembe haziifuati DNA, lazima zikutanishwe. Tyubu iliyochanganywa mara moja na kuachwa imesimama hutoa nusu ya kilichotarajiwa, halafu lawama zinaenda kwa mtengenezaji. Upande wa pili, usitikise kwa fujo kama ulivyofanya kwenye kupasua, maana DNA sasa iko uchi na mtikiso mkali huikatakata. Kwa PCR ya kawaida haitadhuru sana. Kwa usomaji wa mfuatano wa DNA kwenye vipande virefu ni hasara.

Hatua ya 3: sumaku ya kwanza

Weka tyubu kwenye stendi, usubiri dakika 2. Utaona mstari wa kahawia ukijenga ubavuni upande wa sumaku, kwanza hafifu, kisha mnene, huku kimiminika kikitulia. Kwa damu, kimiminika cha kwanza hakitakuwa cheupe, kitabaki na rangi ya hemoglobini, kwa hiyo kigezo si rangi. Kigezo ni kwamba hakuna tena wingu linalosogea. Kama bado lipo, subiri dakika nyingine moja au mbili. Kimiminika kizito cha damu huzipunguzia chembe mwendo, na dakika hizo ndizo rahisi kuliko zote katika kazi nzima.

Pindua stendi pamoja na tyubu zake taratibu mara moja ili chembe zilizoganda kwenye kizibo nazo zishuke. Kisha, tyubu ikiwa bado kwenye sumaku, shusha ncha ya pipeti hadi chini upande usio na chembe, ufyonze polepole. Ukiona uzi wa kahawia unapanda ndani ya ncha, rudisha kila kitu kwenye tyubu, changanya, anza kusubiri upya. Ulichofyonza si uchafu, ni DNA yako.

Hatua ya 4: kuosha

Toa tyubu kwenye sumaku. Narudia: itoe. Kuosha chembe zikiwa zimebanwa ukutani ni kuosha uso wa rundo tu, huku hemoglobini na guanidini zikiwa zimejificha katikati. Tia bafa ya kwanza mikrolita 700, tikisa hadi rundo livunjike lote, usiache hata kibonge. Rudisha kwenye sumaku dakika 1, fyonza. Bafa hii bado ina chumvi ya kutosha kuishikilia DNA, na kazi yake ni kung'oa protini na mabaki ya rangi. Kama inatoka na wekundu, irudie mara moja zaidi.

Kisha ethanoli ya asilimia 80, mikrolita 700, mara mbili, kwa mtindo uleule. Hii inaondoa guanidini yenyewe. Baada ya mara ya pili, funga tyubu, izungushe sekunde chache kama una mashine ndogo ya kuzungusha, irudishe kwenye sumaku, halafu kwa ncha nyembamba ya mikrolita 10 ondoa tone lililojikusanya chini. Tone hilo dogo wengi huliacha. Lina ethanoli ya kutosha kuharibu PCR, na DNA yenye ethanoli nyingi ikiwekwa kwenye kisima cha jeli ya kupimia urefu wa vipande huelea na kutoka badala ya kuzama.

Hatua ya 5: kukausha

Acha kizibo wazi, tyubu ikiwa kwenye sumaku, joto la chumba, dakika 5 hivi. Lakini saa hapa ni msaidizi. Jicho ndilo linaloamua. Rundo lenye unyevu hung'aa kama lina mafuta. Likiwa tayari, mng'ao unapotea na linabaki hafifu lakini zima. Likipita hapo, linaanza kupasuka nyufa kama tope la bwawa wakati wa kiangazi, na DNA, hasa ndefu, huwa imejibana juu ya chembe na kukataa kuachia. Chini ya feni au kiyoyozi kinachopuliza mezani, dakika 3 zinaweza kutosha. Masika, na madirisha yako wazi, huenda ukahitaji 7. Mimi sipendi kukaushia kwenye joto la nyuzi 56 kama baadhi ya watu wafanyavyo. Unaokoa dakika mbili na kupoteza uwezo wa kuona mpaka.

Ukipitiliza, yote hayajaharibika. Ongeza muda wa hatua inayofuata hadi dakika 10 kwenye nyuzi 65, ukitikisa katikati.

Hatua ya 6: kuachilia

Toa tyubu kwenye sumaku, tia Tris yenye joto mikrolita 100, hakikisha imelilowanisha rundo lote, tikisa hadi chembe zitawanyike. Weka nyuzi 65 kwa dakika 5. Kwa nini pH 8.5? Kwa sababu DNA na silika zote zina chaji hasi, na kadiri kimiminika kinavyoelekea upande wa alkali zinazidi kusukumana. Maji matupu yanafanya kazi, ila maji ya maabara yaliyokaa hunyonya hewa ya ukaa na kuwa na asidi kidogo, na DNA itaachia kwa shingo upande.

Rudisha kwenye sumaku dakika 2. Sasa chembe zinabaki ukutani na DNA iko kwenye maji, kinyume cha hatua zote zilizotangulia. Uchovu wa mwisho wa kazi huleta balaa hapa: mkono umeshazoea kufyonza na kutupa. Kabla ya hatua hii ondoa chombo cha taka mezani kabisa, na panga tyubu mpya zenye majina mbele yako. Hamisha mikrolita 90, uache 10 za mwisho pamoja na chembe.

Kupima ulichopata

Tarajia kiasi gani? Damu ya mtu mzima mwenye afya ina seli nyeupe takriban 4,000 hadi 11,000 kwa kila mikrolita, na kila seli ina pikogramu 6.6 hivi za DNA. Chukua 5,000: mikrolita 200 zina seli milioni moja, sawa na mikrogramu 6.6. Hakuna njia inayotoa zote, kwa hiyo mikrogramu 4 hadi 6 ni kazi nzuri. Anayedai amepata 30 kwenye damu ya kawaida amepima kitu kingine.

Kwenye spektrofotometa, mashine inayopima mwanga unaonyonywa na sampuli, uwiano wa mwanga wa nanomita 260 kwa ule wa 280 uwe karibu na 1.8. Ukishuka chini ya 1.7, protini imebaki, rudi kwenye kupasua. Uwiano wa 260 kwa 230 ukiwa chini sana wakati ule wa kwanza ni mzuri, guanidini imebaki, rudi kwenye ethanoli. Kiasi kidogo cha guanidini huushusha uwiano huu sana bila kuizuia PCR, kwa hiyo usiitupe sampuli kwa namba hiyo peke yake. Ukiona sampuli ina weusi au kahawia, ni chembe zilizoponyoka: irudishe kwenye sumaku na uhamishe tena kabla ya kupima, maana chembe zinatawanya mwanga na kukupa namba za uongo. Kwa kazi inayotaka kiasi sahihi, kama usomaji wa jenomu, tumia kipimo cha rangi inayong'aa ikishika DNA, kisha pitisha kidogo kwenye jeli ya agarosi ya asilimia 1. DNA nzima hukaa mstari mmoja mzito juu. Iliyokatika huacha ukungu unaoshuka.

Mavuno yakiwa madogo kwa sampuli zote, shuku isopropanoli iliyosahaulika, ethanoli yenye maji mengi, au chembe zilizowahi kuganda kwenye friza, kwani seti nyingi hazitaki chembe zigandishwe. Yakiwa madogo kwa sampuli moja, shuku damu yenyewe au bonge.

Chembe zinazofanana, kemia nyingine

Utakutana pia na chembe za kusafishia DNA baada ya PCR. Hizo nyingi zimepakwa kaboksili, na kinachoisukuma DNA juu yake ni polyethilini glikoli na chumvi ya mezani kwa wingi. Uwiano unaamua kipi kibaki: ujazo wa chembe mara 1.8 ya sampuli huhifadhi vipande vya kuanzia jozi 100 hivi za besi (herufi za DNA), mara 0.8 huacha vile vya chini ya takriban 200 viende na maji. Usizitumie kwenye damu mbichi.

Kwa maabara ya chuo yenye bajeti finyu, mradi uitwao BOMB ulichapisha mwaka 2019 maelekezo ya wazi ya kutengeneza chembe na bafa zake, kwa silika na kwa kaboksili. Ni kazi nzuri kwa utafiti na kufundishia. Kwa majibu ya wagonjwa au ya mahakama, baki na seti iliyothibitishwa. Tanzania, vipimo vya vinasaba vya binadamu vina sheria yake ya mwaka 2009, na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali ndiyo yenye neno.

Kuhifadhi

Andika kwenye ubavu wa tyubu, si kwenye kizibo tu, kwa sababu vizibo hubadilishana: namba ya sampuli, tarehe, kiasi kwa mikrolita. Itakayotumika ndani ya wiki chache ikae nyuzi 4. Iliyobaki igawanye kwenye tyubu ndogo tatu au nne na uiweke nyuzi 20 chini ya sifuri, ili kila kipimo kiyeyushe tyubu yake na nyingine zisiguswe. Chembe zilizobaki tyubuni zisitupwe siku hiyo. Zitie Tris mikrolita 50 na uziweke nyuzi 4 hadi majibu yatoke. DNA iliyosalia juu yake imewahi kutosha kurudia PCR ambayo damu yake ilikuwa imekwisha.